Kupima baruti kwa usalama unapojaza risasi za rivolva zenye vichwa vya kusubu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa watu wanaojaza risasi zao wenyewe kihalali kwa ajili ya kulenga shabaha, hasa wanaotumia vichwa vya kusubu kwa madini ya risasi badala ya vile vilivyovikwa shaba. Hutakuta hapa jedwali la vipimo. Namba ya kutumia itoke kwenye mwongozo wa karibuni wa mtengenezaji wa baruti yako, kwa kichwa cha aina yako na fataki (kile kikofia kinachoiwasha baruti) ya aina yako. Tunalozungumzia ni namna ya kuhakikisha kwamba namba uliyoichagua ndiyo iliyoingia kwenye ganda, na imeingia mara moja tu.

Ni kosa gani hasa linalopasua rivolva?

Kujaza ganda moja mara mbili. Wanaoanza huhangaika sana na sehemu ya kumi ya greni, kizio kidogo cha kupimia uzito wa baruti, wakiuliza kama 3.1 badala ya 3.0 ni hatari. Kama umeanzia chini ya kiwango cha juu inavyotakiwa, tofauti hiyo haitaiumiza bastola. Greni tatu za ziada ndizo zitakazoipasua.

Chukua risasi ya rivolva iitwayo .38 Special. Ganda lake ni la mwaka 1898, kutoka enzi za baruti nyeusi iliyohitaji nafasi kubwa. Leo tunaweka ndani yake baruti isiyotoa moshi inayoungua haraka, na kipimo cha kulengea shabaha mara nyingi huwa cha karibu greni 3, kiasi kinachofunika kitako cha ganda tu. Kipimo cha pili kinaingia bila kumwagika. Cha tatu nacho kinaingia. Unaposhindilia kichwa juu yake, mkono wako hausikii tofauti yoyote.

Kikomo cha shinikizo cha .38 Special kwa viwango vya Marekani ni pauni 17,000 kwa inchi ya mraba. Ukizidisha baruti mara mbili usitegemee kwamba shinikizo nalo litaongezeka mara mbili tu. Baruti hii kadiri inavyobanwa ndivyo inavyoungua kwa kasi zaidi, kwa hiyo shinikizo linapanda kuliko baruti ilivyoongezwa. Silinda inapasuka na upapi wa juu wa fremu, ule unaopita juu ya silinda, unapinda au kukatika, na vipande vinaruka kuelekea kwa mpigaji na kwa aliye jirani yake. Kila jambo linaloelezwa hapa chini lina lengo la kuzuia hilo.

Greni ni kiasi gani?

Pauni moja ina greni 7,000. Gramu moja ni greni 15.43, na greni moja ni gramu 0.0648. Mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja haifai kabisa, kwa sababu hatua yake moja inazidi greni 15. Kama mizani yako ya kielektroniki ina kitufe cha kubadilisha vizio, kiangalie kila unapoiwasha. Nyingine zina gramu, karati na greni kwenye kitufe kimoja, na kidole kikigusa vibaya kizio kinabadilika bila wewe kujua.

Ipi bora, mizani ya mkono au ya kielektroniki?

Zote mbili zinafaa, ila kila moja hukosea kwa namna yake, na ukizijua namna hizo utajua pa kuangalia.

Mizani ya mkono ina mawe ya kuteleza: moja kubwa linalokaa kwenye pengo la kila greni 5 au 10, na dogo la sehemu za kumi. Kosa lake kubwa ni jiwe kubwa kukaa kwenye pengo lisilo lake. Unataka 3.2, jiwe kubwa limesogea pengo moja hadi 5 wakati unafuta vumbi, na mkono wa mizani unatulia vizuri kabisa kwenye sifuri ukiwa na greni 8.2 kwenye kisahani. Mizani haijaharibika. Imepima sawasawa kile ilichoambiwa. Kwa hiyo kila unapokaa mezani, na kila unaporudi baada ya kunyanyuka, soma mawe yote mawili kwa sauti. Kisha tazama baruti yenyewe kisahani na ujiulize kama rundo hilo linafanana na lile la jana. Greni 8 za baruti ya vipande bapa huonekana dhahiri kwa macho, ukikumbuka kutazama.

Mizani hiyo ikae juu ya meza isiyotikisika, mbali na feni na dirisha. Isawazishe kwenye sifuri kisahani kikiwa juu yake. Usitie mafuta kwenye ncha inayobeba mkono. Mizani nyingi zina sumaku ya kutuliza mkono, na vumbi la chuma likinasa hapo mkono unakuwa mzito. Soma ukiwa umeinama hadi jicho lilingane na alama.

Ya kielektroniki ina tatizo la kuhama. Unaiwasha inasoma sifuri, baada ya nusu saa sifuri yake imesogea. Iache ipate joto kwanza kama mtengenezaji anavyoelekeza, iwe imelala sawa, na simu ikae mbali. Kuna njia rahisi ya kuibana: ukishaweka kisahani na kuisawazisha, kinyanyue na uandike namba hasi inayotokea. Hiyo ndiyo alama yako. Kila baada ya vipimo kadhaa nyanyua kisahani utazame. Namba ikiwa imebadilika, simama, sawazisha upya, na upime tena zile za mwisho.

Jambo jingine: ukidondosha baruti chembe chembe juu ya mizani ya kielektroniki, baadhi yake hazitambui nyongeza ndogo zinazoingia polepole. Unaona 3.0 kumbe imeshafika 3.3. Ukimaliza kudondosha nyanyua kisahani, kirudishe, ndipo usome.

Vyovyote iwavyo, nunua mawe ya kuhakiki yaliyo karibu na kipimo chako. Jiwe la greni 2 na la greni 5 yana manufaa kuliko la 500, maana mizani inaweza kuwa sahihi kwa uzito mkubwa na kukosea huku chini unakofanyia kazi.

Mashine ya kumimina baruti inaaminika, au nipime kila kipimo kwenye mizani?

Inaaminika, lakini ikumbuke kwamba haipimi uzito. Inapima ujazo: tundu kwenye pipa lake linajaa, unazungusha mpini, linamwaga. Uzito unaotoka unategemea jinsi baruti ilivyojipanga ndani ya tundu, na hilo linategemea mkono wako. Vuta mpini kwa nguvu ileile na kasi ileile kila mara. Baruti iliyo juu iwe angalau nusu ya tangi, kwa sababu uzito wake ndio unaoishindilia ile ya chini. Ikipungua sana vipimo vinaanza kuyumba.

Kabla ya kugusa maganda, toa vipimo kadhaa na uvirudishe tangini mpaka baruti itulie. Kisha toa kumi, ukipima kimoja kimoja. Wapo wanaopima kumi kwa pamoja na kugawanya, na ni njia nzuri ya kupata wastani, lakini wastani huficha: kimoja chenye 2.6 na kingine chenye 3.4 vinakupa 3.0 safi kabisa. Anza na kimoja kimoja, wastani ufuate. Ukishaanza kazi, pima tena kila baada ya maganda kumi hivi.

Umbo la chembe lina maana kubwa hapa. Baruti ya viduara vidogo hutiririka vizuri. Ya vipande bapa, hasa vikubwa, hupenda kushikana na kuziba njia ya kushukia. Hapo ndipo penye hatari isiyozungumzwa vya kutosha: ganda la kwanza linapata nusu, na zile chembe zilizonasa zinaangukia ganda la pili juu ya kipimo chake kamili. Kwa mvuto mmoja wa mpini umetengeneza risasi itakayokwama mtutuni na nyingine iliyozidi, nazo zimekaa jirani kwenye sanduku. Ukisikia mpini umekuwa mzito au umetafuna kitu, mwaga maganda yote mawili na uyapime upya.

Hewa ikiwa kavu, umeme tuli unafanya chembe zishike kwenye kuta za plastiki za tangi na faneli. Futa kwa kitambaa cha kuondoa umeme tuli, au mimina kikombe cha unga wa grafiti mara moja kupitia mashine mpya kisha uutoe wote.

Vile vijiko vya kipimo je?

Vinafaa kwa baruti iliyo kwenye jedwali la kijiko hicho, ukichota kwa namna moja bila kukandamiza na kufuta juu kwa kadi. Bado unahitaji mizani ya kuthibitisha. Toleo moja la baruti na jingine la jina lilelile yanaweza kutofautiana uzito kwa ujazo.

Nitajuaje kwamba hakuna ganda lililojazwa mara mbili?

Kwa kutazama ndani ya kila ganda, kwa mwanga wa kutosha, kabla kichwa chochote hakijawekwa. Hakuna kifaa kinachochukua nafasi ya hatua hii.

Utaratibu ninaoupendekeza kwa anayetumia mashine ya kawaida ya kushindilia: andaa vibao viwili vyenye matundu. Kwenye cha kwanza maganda yakae kifudifudi, mdomo chini. Chukua moja, ligeuze, litie baruti, lisimamishe kwenye kibao cha pili mdomo ukiwa juu. Ganda lililo kifudifudi haliwezi kupokea baruti, na ganda lililosimama limeshapata yake, kwa hiyo hata ukipoteza hesabu maganda yenyewe yanakuonyesha ulipofikia.

Kibao cha pili kikijaa, washa tochi na upite mstari kwa mstari. Jicho lina uwezo mkubwa wa kuona usawa uliovunjika: kwenye maganda 50 yaliyosimama pamoja, moja lenye baruti iliyopanda au iliyopungua linajitokeza lenyewe. Ganda la .38 ni jembamba na refu kidogo, kwa hiyo usitazame kutoka pembeni. Simama juu yake na mwanga ushuke wima. Kama bado huoni vizuri, chukua kijiti cha mbao, kikatie alama ya kina sahihi, na ukizamishe kwenye kila ganda. Lolote linalokutia shaka lote limwage na ulipime upya. Usiongeze wala kupunguza kwa kukadiria.

Mtu akikuita katikati ya kazi, ganda lililo mkononi mwako limwage kabla hujainuka. Usijiambie utakumbuka.

Kwenye mashine za kisasa zinazofanya hatua kadhaa kwa mvuto mmoja, hatari ni kubwa zaidi kwa sababu kituo cha baruti kimefichika. Weka dai (kifaa cha chuma kinachofungwa kwenye mashine) ya kukagua kiwango cha baruti kwenye kituo kinachofuata, ile inayolia au kuufunga mpini kiwango kikizidi au kupungua, na bado weka taa hapo na ulitazame kila ganda. Hitilafu ikitokea na ukalazimika kurudisha mpini nyuma, toa maganda yote yaliyomo na uanze na mapya. Kurudi nyuma nusu hatua ndiko kunakozaa vipimo maradufu.

Kwa nini nisipime tu risasi iliyokamilika? Iliyozidi si itakuwa nzito?

Haitoshi. Maganda ya kampuni tofauti hutofautiana kwa greni kadhaa, na vichwa vya kusubu navyo hupishana kwa greni moja au zaidi hata vikitoka kalibu moja. Greni tatu za baruti zinapotelea humo. Risasi yenye kipimo maradufu inaweza kuwa na uzito sawa kabisa na nzima.

Je, aina ya baruti inaweza kunisaidia?

Sana, na hapa wengi wanachagua kwa bei badala ya usalama. Baruti inayoungua haraka hutumika kidogo, kopo moja linajaza risasi nyingi. Lakini kama ndiyo unaanza, chagua kwenye mwongozo baruti yenye ujazo mkubwa, ambayo kipimo chake sahihi kinajaza zaidi ya nusu ya nafasi. Ukikosea ukatia mara mbili, inafurika mezani na kosa linajitangaza. Faida nyingine ni kwamba baruti nyingi haibadiliki sana kwa jinsi ilivyolala. Kipimo kidogo ndani ya ganda kubwa hutoa kasi tofauti mtutu ukiwa umeinuliwa au umeinamishwa kabla ya kufyatua.

Usikimbilie upande wa pili na kutumia baruti za magnamu (risasi za nguvu kubwa) zinazoungua polepole kwa vipimo vilivyopunguzwa. H110 na W296 ni mfano unaojulikana: kampuni ya baruti ya Hodgdon inaonya zisishushwe zaidi ya asilimia 3 chini ya kipimo kilichochapishwa. Zikipungukiwa haziungui sawasawa na kichwa kinaweza kubaki mtutuni.

Nina jedwali la kichwa cha shaba chenye uzito uleule. Siwezi kulitumia kwa cha kusubu?

Tafuta jedwali la kichwa cha kusubu. Madini ya risasi ni laini, hupita mtutuni kwa msuguano tofauti, na hukaa ndani ya ganda kwa kina tofauti. Kina ndicho kinachosahaulika. Kichwa bapa cha shabaha cha greni 148 hushindiliwa hadi kinalingana na mdomo wa ganda la .38, na kinakula sehemu kubwa ya nafasi ya gesi. Kipimo kinachofaa kichwa kilichokaa juu huko kinaweza kuwa kikubwa mno hapo. Ukibadilisha kina, umebadilisha shinikizo, hata kama hukuongeza chembe ya baruti.

Na uzito ulioandikwa kwenye kalibu ni wa aloi fulani. Ukisubu kwa madini laini yasiyochanganywa, kichwa kinatoka kizito zaidi. Kwa aloi yenye antimoni na stani nyingi kinatoka chepesi. Pima vichwa vyako mwenyewe kabla hujafungua mwongozo.

Grisi ya vichwa nayo ina vituko vyake. Hujikusanya ndani ya dai ya kushindilia na kila kichwa kinachofuata kinazama zaidi kuliko kilichotangulia. Pima urefu wa risasi moja kila baada ya kumi, na safisha dai ukiona urefu unapungua. Mikono yenye grisi isiguse faneli, maana chembe zitashika hapo na kuangukia ganda lisilo lao.

Panua mdomo wa ganda kiasi cha kutosha ili lisikwangue kichwa, kisha ubane mdomo kwenye mfereji wa kichwa. Kwenye rivolva, kichwa kisichobanwa hutambaa mbele kwa mshtuko wa risasi zinazotangulia mpaka kinachungulia nje ya silinda na kuizuia kuzunguka.

Nianzie wapi, na nitajuaje nimezidi?

Anzia kwenye kipimo cha chini cha mwongozo. Kama umepewa cha juu tu na mwongozo hauonyi vinginevyo, shuka asilimia 10. Panda kwa hatua ya sehemu moja au mbili za kumi za greni. Ukibadilisha fataki, toleo la baruti, ganda au kichwa, rudi chini uanze tena.

Usitegemee dalili. Maganda kugoma kutoka na fataki kubapa ni ishara za shinikizo la juu, lakini .45 Colt ina kikomo cha pauni 14,000 huku .357 Magnum ikiwa na 35,000. Ganda la .45 halitaonyesha chochote hadi umeshaupita uwezo wa rivolva ya zamani kwa mbali. Mwongozo ulipimwa kwa vyombo maabara. Sisi hatuna vyombo hivyo.

Bastola yangu ni ya muundo wa zamani wa baruti nyeusi. Naweza kutumia ujazo uleule wa baruti ya kisasa?

Hapana, kamwe. Baruti nyeusi hupimwa kwa ujazo na hujaza ganda. Isiyotoa moshi hupimwa kwa uzito na huwa na nguvu nyingi zaidi kwa ujazo huohuo. Ganda la .45 Colt la 1873 lilitengenezwa kupokea hadi greni 40 za baruti nyeusi. Kulijaza hivyo kwa baruti ya kisasa ya bastola ni kutengeneza bomu. Kopo la aina moja tu ndilo liwe mezani, mengine yafungiwe kabatini. Ukimaliza, rudisha iliyobaki kwenye kopo lake siku hiyohiyo. Baruti iliyolala tangini bila jina itupwe, usiibahatishe.

Nimefyatua na mlio umekuwa mdogo. Nifanye nini?

Acha kufyatua. Elekeza mtutu kwenye shabaha na usubiri nusu dakika, kisha fungua silinda na utoe risasi zote. Ganda likikosa baruti, fataki peke yake ina nguvu ya kusukuma kichwa hadi kikwame mtutuni, au nusu ndani ya silinda nusu ndani ya mtutu, na hapo silinda haifunguki. Ikigoma, usiilazimishe, mtutu ubaki kwenye shabaha na fundi wa silaha aitwe. Ikifunguka, pitisha ufito wa shaba mtutuni uone kama hauna kitu ndani. Kichwa kilichokwama kigongwe taratibu kwa ufito huohuo.

Anayelenga kwa mfululizo wa haraka ndiye aliye hatarini zaidi, kwa sababu kidole kinatangulia sikio. Unapojaribu risasi za fungu jipya, piga moja moja.

Baruti iliyoharibika inaonekanaje?

Inanuka uchungu wa asidi badala ya harufu yake ya kawaida, na inaweza kutoa mvuke wa kahawia na vumbi jekundu kama kutu. Isitumike. Nzima ihifadhiwe kwenye kopo lake la asili, mahali pakavu na baridi, mbali na moto. Usiifungie kwenye sefu nzito ya chuma: ikiwaka ndani ya chombo kisichopumua, chombo hicho kinalipuka.

Niandike nini kwenye sanduku?

Tarehe, baruti na namba ya toleo lake, uzito, kichwa na aloi yake, fataki, urefu wa risasi. Na namba ya fungu. Ukija kugundua kesho kwamba jiwe la mizani lilikuwa limesogea, namba hiyo ndiyo itakayokuambia ni masanduku yapi ya kuyavunja kwa nyundo ya kung'olea vichwa. Fungu likishatiliwa shaka livunjwe lote, na baruti yake isirudishwe koponi.